Bawabu wa Pili

Walimpa kiti cha mbele kabisa, ili asikose hata tusi moja la kumpelekea mumewe.

Mama Bawabu aliketi akaupakata mkoba wake. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Tangu mumewe alipoigiza yule mlinda mlango wa hoteli katika filamu ya *Bawabu*, enzi za ujana wao, hata muuza nyama hakuwaita kwa jina jingine. Filamu yenyewe haikuuzika. Iliondolewa kwenye kumbi kabla gundi ya mabango haijakauka. Lakini wale wachache walioiona hawakuiacha tena. Kila mwaka walikutana katika ukumbi huu huu wa viti vilivyochanika, wamevaa kofia nyekundu za mabawabu, wakayasema maneno yote sambamba na waigizaji.

Na mwishoni, Bawabu anaposhuka ngazi za hoteli na sanduku lake, akageuka na kusema, "Mlango nimeuacha wazi," ukumbi mzima husimama wima na kuyasema naye. Asiyeweza kusimama hushikwa mkono. Kisha Bawabu huenda zake, na hakuna ajuaye alikokwenda. Utamu wote ulikuwa hapo.

Sasa kampuni ilikuwa imetengeneza *Bawabu* ya pili, kuwaambia alikokwenda. Nani aliuliza?

Mumewe mwenyewe alisitasita kuikubali kazi hiyo. Ngazi siku hizo alizipanda kwa kushika ukuta. Lakini mwigizaji ni mtu wa kutaka kusikia watu wakimshangilia. Alimwambia mkewe kwamba wakisimama mara moja tu tena, yeye hana la kudai duniani. Mkewe akamwahidi kwamba atakwenda kuona kama watasimama. Hilo tu ndilo lililomleta.

Mlangoni alikuwa amepokewa na Kinyozi, mwenyekiti wa mashabiki, mtu mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake. Alitaka kujua mzee amejificha wapi. Mama Bawabu akajibu kwamba hakuweza kuja.

"Angekuja kwa uso gani?" akadakia mwalimu mmoja wa hesabu, kofia yake nyekundu imekaa upande. "Mgema kasifiwa, tembo kalitia maji."

Walicheka, naye akawapita. Kampuni ilimtaka asitamke lolote mpaka filamu ionyeshwe hadharani, na yeye ni mtu wa kulishika neno lake.

Taa zilizimwa. Bawabu alipotokea tu, masharubu yamepakwa wino mweusi, miluzi ikaanza. Alipovuka barabara polepole, mtu akasema anatembea kama anayetafuta choo ugenini. Alipombusu mjukuu wa kwenye filamu, walipiga miayo kwa pamoja; ilikuwa wazi kwamba walikuwa wamepanga.

Simu ya mumewe ilitetemeka ndani ya mkoba. Ujumbe ulitoka kwa shabiki aliyekuwa humo humo ukumbini, viti vya nyuma. *Mzee, Bawabu wetu umemuua wewe mwenyewe. Natumaini unasikia tunavyokucheka.* Mama Bawabu aliusoma wote, kama alivyoisoma mingine yote tangu tangazo la filamu lilipotoka. Akaufuta. Akairudisha simu mahali pake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Ikafika picha ya mwisho. Bawabu amerudi hotelini, anazipanda zile ngazi, sanduku mkononi. Juu kabisa akageuka. Mama Bawabu aliyashika magoti yake. Nyuma yake alisikia kiti kimoja kikilia, kana kwamba mtu anataka kuinuka.

"Mlango nime..." akasema Bawabu, na hakumaliza. Alianguka kifudifudi bila kutanguliza mikono. Kiatu kimoja kilimchomoka mguuni. Mwigizaji mwenzake alimtazama, kisha akatazama pembeni mwa kamera, mdomo wazi. Picha ikatikisika, ikakaa hapo hapo, ikazimika.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu waliegemeana, wengine wakafuta machozi kwa kofia zao. Amesahau hata sentensi yake! Na yule mwenzake naye hajui aseme nini! Midomo ya Mama Bawabu ilikuwa ikicheza, ikimalizia maneno yaliyobaki. Hakuna mwingine aliyeyamalizia. Hakuna aliyesimama.

Taa zilipowashwa Kinyozi alipanda jukwaani na kipaza sauti. Akawaonyesha jinsi mtu anavyokufa kwenye filamu: unashika kifua, unayumba, unatafuta ukuta, unalala kwa heshima. Akaonyesha na jinsi yule mzee alivyokufa. Alijibwaga kama gunia, akavua kiatu kimoja. Walimshangilia mpaka akarudia.

Kisha akashuka, anahema, akaja kusimama mbele ya kiti cha Mama Bawabu.

"Mama, sisi na wewe hatuna ugomvi. Tueleze jambo moja tu," alisema. "Mwongozaji ana macho. Alipoona mchezo mbovu namna ile, alishindwa nini kumwambia mzee ainuke, arudie?"

Akamsogezea kipaza sauti. Wote walinyamaza, ili wapate kucheka vizuri jibu likitoka.

Mama Bawabu aliinuka. Filamu ilikwisha kuonyeshwa. Neno aliloipa kampuni alikuwa amelitimiza.

"Alimwambia," akasema. "Akamwambia tena. Mimi nilikuwa pale chini ya ngazi na chupa yake ya chai, nami nikamwambia. Tulimzika kesho yake."