Mpira Unaofuata Macho

Zama hizo mipira ya matone ilimwagilia bustani kadiri ilivyotazamwa na watu wa nje. Macho ya wenye nyumba hayakuhesabiwa. Bustani isiyotazamwa ilikauka, na mchicha wa Sikujua ulikuwa umelala chini kama mgonjwa.

Ng'ambo ya ua, mawaridi ya jirani yake Debora yalinawiri, mpira mweusi ukilidondoshea kila shina tone, tone, tone.

"Shoga, asante!" Debora alimwita akicheka. "Tangu asubuhi umenimwagilia ndoo mbili nzima."

"Nani akutazame wewe! Nilikuwa natafuta kuku wangu."

"Kuku gani, nawe hufugi?"

Sikujua alisonya, akageuza kigoda na kuipa bustani ya watu mgongo, akaapa hageuki tena hata nyumba iungue. Akatega sikio asikie matone ya Debora yakipungua. Wapi! Yaliongezeka, yakawa mchirizi.

Akainua macho. Mumewe, Mazoya, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai iliyopoa, akitazama kule ng'ambo, ambako Debora alikuwa ameinama akipalilia.

"Mawaridi mazuri," Mazoya alisema, na hakuna aliyemuuliza.