Mizizi ya Maharage

Kompyuta ilisema shamba la mama yake Husnah huko Bombo lina nitrojeni ya kutosha mahindi yanayopandwa baada ya maharage. Lakini majani ya mahindi yenyewe yalikuwa ya njano. Wiki nzima Husnah aliilaumu mvua, akarekebisha hesabu ya maji mara kumi. Jana alichoka, akaiamini kompyuta, akawatumia wakulima wa Bombo ujumbe.

Leo mama yake alikuja kwake Bugolobi na mzigo wa maharage kutoka shambani, akaketi verandani kuyamenya. Husnah akaokota shina moja. Mzizi ulikuwa mzima, na vinundu vyake vidogo kama punje za mtama, vinundu vile vile vyenye nitrojeni ambavyo kompyuta ilidhani vimebaki ardhini.

"Mama, bado mnang'oa na mizizi?"

"Kwani wewe ulikuwa unang'oaje? Tunachoma yote, majivu tunalainishia mboga."

Husnah akarudi mezani. Kwenye swali la kompyuta kuhusu masalia ya mavuno, alikuwa amejaza kwa mkono wake mwenyewe: yanaachwa shambani.

"Halafu ule ujumbe wako wa jana umefika kwa kila mtu," mama akasema kutoka nje. "Majirani wamefurahi! Msimu huu hakuna anayenunua mbolea."