Samaki wa Kupaka wa Mtalaka

Zama hizo hakuna aliyeagiza chakula. Simu ilisoma hamu yako, na jiko ulilolitamani likakuletea. Basi Bi Mwantumu kapika wali wake wa nazi, kaupakua, mara kidege cha mtambo kikatua dirishani na samaki wa kupaka wa Zaituni, mtalaka wa mumewe.

"Wallahi sikuagiza, mke wangu!" akaapa Bwana Shekue.

"Mdomo haukuagiza, bwana we. Na moyo je?"

Akampokonya sahani, akaonja ili apate pa kutia kasoro. Akaonja tena, labda chumvi imezidi. Alipozinduka, imebaki miiba.

Kesho yake kidege kilileta sahani mbili, moja ikiwa na jina la Mwantumu. Mumewe hakucheka. Alimsogezea tu maji ya kunawa, kama anayemkaribisha mgeni.