Macho ya Kuazima

Raimundi alisimama ghafla, vumbi lake likampita. Ukutani mwa ghala la ushirika, Hilda alikuwa anamtazama.

Haikuwa kawaida yake kusimama. Kila alfajiri alitoka kwake karibu na misheni, akashuka mpaka stendi, akazunguka soko, akapanda tena bila kupumzika. Mbio alizianza mwaka jana, mwezi wa tisa, akisema anajiandaa kwa mashindano ya Saba Saba kule Songea. Mbinga nzima ilishamzoea, ila wanawake wa bombani hawakuacha kumtania.

"Raimundi we! Nani anakukimbiza?"

"Tumbo, mama zangu!" alikuwa akijibu, nao wanacheka mpaka ndoo zinamwagika.

Leo palikuwa kimya, yeye na ukuta. Zamani ghala lile lilijaa kahawa mpaka darini. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupanda na malori yao milimani, lilibaki la popo, na ukuta wake mweupe ukabaki mtupu. Sasa mtu alikuwa amechora kwa mkaa. Macho yaleyale makubwa. Mwanya uleule. Raimundi alinyoosha kidole akagusa shavu, kidole kikatoka cheusi. Akakifuta kwenye kaptula, akaendelea na mbio.

Hakufika mbali. Pale konani Mama Walburga alikuwa ameshabandika uji.

"Raimundi," aliita kabla hajamfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umesimama pale ghalani. Nyayo zako nazijua. Tangu uanze kukimbia hujasimama pale hata siku moja."

Mama Walburga alikuwa haoni, mwaka wa nne huo. Mtoto wa jicho alimziba kote kuwili. Lakini uji wake ulikuwa mtamu, na vitendawili alivipenda kuliko chakula. Hupati kikombe hujategewa kimoja. Cha Raimundi kilikuwa hiki: namsikia anakwenda, namsikia anarudi, wala hana safari. Raimundi alikipata palepale, kwamba ni yeye mwenyewe na mbio zake, wakacheka wote wawili, na tangu siku hiyo akawa kama wa nyumbani. Kuni alimletea yeye. Maji alimtekea yeye.

Hilda alikuwa binti yake wa pekee. Mwaka jana alipanda kijiji cha Maguu kumsaidia shangazi yake kuchuma kahawa. Mwezi wa nane, jioni moja, shangazi alimsindikiza mpaka darajani, akarudi. Hilda hakufika nyumbani. Raimundi, aliyekuwa karani wa mizani wa mnunuzi mmoja na njia zile akizijua zote, ndiye aliyewatangulia watu kumtafuta. Siku tatu aliwapitisha mabondeni. Hawakuona kitu.

Mama Walburga alikataa kuweka matanga. "Nimlilie nani," alisema, "na hata unywele wake sijaushika?" Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: kujua mwanawe amelala wapi.

"Wamemchora Hilda, mama," Raimundi alisema.

"Nasikia. Tangu jana watu wanapita hapa. Kila mmoja, 'Mama, ni yeye kabisa,' halafu huyo, kaenda zake. Ni yeye kabisa vipi? Mimi nabaki na giza langu. Wewe una subira, baba. Kaa. Niazime macho yako kidogo."

Raimundi alikaa kwenye kigoda. Ng'ambo ya barabara Cuthbert, fundi wa mabango, alikuwa juu ya ngazi anaandika jina la bucha, mgongo kwao. Mama alimpa Raimundi kikombe kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamshika kifundo, kama mtu anayevushwa mto.

Angeweza kusema ni yeye kabisa, naye aende zake. Lakini mkono ule ulikuwa wa moto, na mama alikuwa anangoja, kauinua uso.

"Anacheka kidogo," Raimundi alisema. "Mwanya unaonekana."

"Enhe."

"Kasuka mabutu."

"Shangazi yake huyo alimsuka. Enhe, na nguo?"

Raimundi alipiga funda la uji. "Gauni la maua, mama. Maua ya njano. Kalikunja kiunoni, kama mtu anayepita penye matope."

"Huyo ni Hilda! Alikuwa hapendi kuchafuka, huyo, tangu mdogo. Na miguuni je?"

"Mguu mmoja una kandambili. Nyingine kaishika mkononi, imekatika ukanda."

"Mkono upi, baba?"

"Wa kushoto."

Machozi yalimshuka mama, hakuyafuta. "Ahsante, mwanangu. Watu wote wale, hakuna aliyenionyesha mtoto wangu kama ulivyonionyesha wewe."

Raimundi naye macho yalimlowa. Akaweka kikombe chini, akataka kuinuka. Mkono haukumwachia.

"Cuthbert," mama aliita, uso haujageuka. "Ile picha ya Hilda pale ghalani, ulimchora mpaka wapi?"

Brashi ilisimama katikati ya herufi.

"Mpaka kidevuni, mama," alisema Cuthbert, akianza kushuka ngazi. "Kama ulivyoniagiza."