Zulia Lililochuja Rangi

Mwanamvua alichota maji mtungini kwa kopo, na wateja wote dukani wakageuka kumtazama.

Alikuwa ametembea kutoka Vihingo mpaka Kisarawe na zulia kichwani. Alilinunua kwa ajili ya harusi ya binti yake, na mwenye duka aliapa mbele ya watu kwamba likichuja rangi atampa jingine. Siku ya posa wakwe waliingia na miguu yenye umande, wakatoka na nyayo nyekundu. Harusi yenyewe ilikuwa kesho.

"Mama, hili umelifua kwa magadi," mwenye duka alikuwa amemwambia, akiwa ameketi juu ya zulia la aina ileile, na kanzu yake nyeupe imepigwa pasi. "Sikuahidi habari za magadi."

"Sijalifua hata mara moja, bwana."

"Basi tutajuaje?"

Ndipo Mwanamvua aliposogelea mtungi.

Sasa aliyamwaga maji taratibu, karibu kabisa na goti la mwenye duka. Maji yakaenea chini yake. Mwenye duka akaruka na kusimama, akageuka kutafuta kitambaa, na watu wakaiona kanzu yake kwa nyuma. Ilikuwa nyekundu kuanzia makalioni hadi kwenye upindo.

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Kisha duka zima likaangua kicheko.

Mwanamvua hakucheka. Alilirudisha kopo juu ya mtungi.

Mwenye duka alijipapasa nyuma, akavitazama vidole vyake. Akainua macho kwenye rafu ya juu, yalikokuwa mazulia mazito.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nikushushie lipi?"