Umeme Ulipokatika

Shujaa wa katuni alikuwa ameshainua mkono, mwanga wa buluu ukimchemka kiganjani, pale umeme ulipokatika na ukumbi wa video ukazama gizani.

Yasmini, anayewatafsiria watu wa Rumonge katuni hizo za Kijapani, alikuwa bado hajauona mwisho wa pambano.

"Dada, amemupiga?" akauliza mvuvi mmoja, mikono yake bado ikinuka samaki wadogo wa ndagala.

Yasmini akapaza sauti. "Amemupiga! Adui anaruka juu ya nyota, anapita mji wa Minago, anaangukia ziwani, bwaa!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Akapigana vita vyote kwa mdomo mtupu, jasho likimtiririka mgongoni.

Umeme ukarudi, pambano likaendelea pale lilipoishia. Punde, kwenye televisheni, shujaa alikuwa amelala chali, adui akimcheka.

"Zima, dada!" wakapiga kelele wote. "Hiyo sinema iko inadanganya!"