Kila Mtu Ajipapase

Bastola ilikuwa juu ya kasha la karatasi za chooni, pale ambapo mkono wa mtoto wa miaka minne unafika bila taabu. Na Josie alikuwa ndiyo kwanza ametoka chooni humo.

"Bibi, kuna kitu cha kuchezea kule ndani," alisema, akijifuta mikono kwenye gauni lake la Jumapili.

"Umekigusa?"

"Kwa kidole tu."

Verlene aliingia chooni, akafunga mlango. Ilikuwa ndogo, mpini wake wa kijani hafifu kama pipi ya mnanaa. Aliizungushia kitambaa cha vyombo alichokuwa nacho begani, akaikumbatia kifuani kama mkate uliotoka jikoni. Alikuwa amepita humo humo kabla ya wimbo wa mwisho wa ibada, na angeapa kuwa haikuwepo.

Mwanamke gani huyu asiye na akili?

Ukumbi wa kanisa ulinukia kuku wa kukaanga. Zamani, hapa Tennessee, aliyetaka kutembea na bastola alikaa darasani kwanza, akalenga shabaha mbele ya mkufunzi, ndipo akapewa kibali. Tangu sheria ibadilike, mtu ananunua leo, kesho anakuja nayo ibadani imefichwa kiunoni. Hata anayekupakulia saladi ya viazi hujui ana nini chini ya blauzi.

Mmoja tu Verlene alimjua kwa hakika: Kendra, mke wa mwanawe Dale. Na ni Kendra huyo huyo aliyekuwa aamue leo Josie akae wapi kiangazi chote, kwa Verlene au kwa bibi yake mwingine kule Knoxville. Verlene alikwisha kupaka chumba rangi, akashona na mapazia yenye vipepeo. Akimshutumu Kendra, mtoto ataondoka. Akinyamaza, mtoto anaweza kufa.

Akamwendea.

"Kendra, hebu fungua mkoba wako."

"Kwani kuna nini?"

"Ufungue tu."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Na waangalie."

Kendra aliivuta zipu kwa hasira. Ndani, kwenye mfuko wake wa ngozi, bastola nyeusi ilikuwa imetulia. "Umeridhika? Au unataka kunipekua na soksi?"

"Nisamehe, mwanangu. Hujala hata kidogo. Ngoja nikupakulie."

"Nimeshakula, mama. Si umenipakulia wewe mwenyewe?"

Verlene alichukua upawa, akagonga sinia mpaka ukumbi mzima ukanyamaza.

"Kuna mtu amesahau kitu chooni kwa wanawake," alisema. "Mnajua nasema kitu gani. Kila mtu ajipapase."

Ungedhani siafu wamevamia kanisa. Mikono ilikwenda viunoni, makwapani, kwenye mikoba, vifuani. Mwalimu wa kwaya aligeukia ukuta, akatia mkono ndani ya sketi.

"Changu kipo, Verlene!" mzee Hoyt alipaza sauti, akijigonga kifundo cha mguu. "Ila choo chenu sijaingia!"

Watu wakacheka. Mmoja mmoja wakaitikia: ipo, ipo, hii hapa. Hakuna aliyepungukiwa.

"Msicheke!" Verlene aligonga tena sinia. "Mjukuu wangu ameigusa! Mtu wa namna hii hafai kuachiwa hata paka amtunze, sembuse mtoto."

Kicheko kikakatika. Kendra alikuwa amegeuka rangi. Alikuja kusimama kando ya mama mkwe wake, akamshika mkono, akaubana.

"Josie ndiye aliyeikuta?"

"Ndiye. Sikutaka kukutisha."

"Na mimi nikakujibu ovyo." Kendra alifuta machozi kwa kiganja. "Basi, mama. Atakaa kwako. Nataka awe na mtu mwenye macho kama yako."

Wakati huo Dale alitokea jikoni na jagi la chai ya barafu, akauliza mbona watu wamekaa kama msibani.

"Njoo uone upuuzi huu," Verlene alimwambia, akafunua pembe ya kitambaa.

Dale aliitazama ile bastola ya kijani. Akaliweka jagi mezani polepole.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo si yako? Tuliinunua jana, mimi na wewe. Rangi uliichagua mwenyewe."

Verlene alimtazama mwanawe, akaitazama bastola, kisha akamtazama tena mwanawe, uso wake mweupe kwa mshangao usio na chembe ya uongo.

"Mimi?" alisema. "Mimi sijamiliki bastola maishani mwangu, Dale."

Kendra aliuachia mkono wake taratibu, akaenda kumtafuta Josie.